Magurudumu Mawili ya Nyuma

Mashavu alijua siku nyingi kwamba ipo siku atanyang'anywa mtoto, ila hakutegemea mnyang'anyi aingie kwa njia ya simu. Alikuwa uani kwake Manundu anachuja mafuta ya vitumbua, dirisha liko wazi, na chumbani Shamimu anaongea. "Ndiyo, mama," alisema binti. "Sawa, mama. Nitakwambia, mama." Sasa mama ni neno la kila mtu, hata konda humwita abiria mama huku anamdai nauli. Lakini Mashavu alimlea Shamimu tangu alipoachishwa ziwa, sauti zake zote anazijua, na hii haikuwa ya kumwitia abiria. Upande wa pili wa simu alikuwa Maryamu, mke mwenzake anayekaa Magoma. Ndiye aliyemzaa Shamimu, na miaka yote hiyo Shamimu alimwita mama mdogo.

Binti alipotoka, Mashavu alimuuliza alikuwa anaongea na nani. Na mama mdogo, akajibu, bila kupepesa macho. Hapo ndipo moyo wa Mashavu ulipochomwa. Kumbe kulikuwa na jina la mbele yake na jina la kisogoni kwake.

Kilichozungumzwa kwenye simu kilikuwa magurudumu. Shamimu alikuwa mpanda baiskeli, tena si ya kwendea sokoni. Alikuwa na baiskeli ya resi, ya mtumba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na kila kukicha alikuwa barabara ya Handeni, ameinama, hijabu imefungwa vizuri chini ya kofia. Majirani walishachoka kumsema. Mwisho wa mwezi kungekuwa na mashindano ya kutoka Korogwe hadi Handeni, na Mwalimu Hilaria, mwanamke wa makamo mwenye klabu ya baiskeli Tanga mjini, angekuja kuangalia wasichana wa kuchukua klabuni kwake. Klabu ingewaazima magurudumu mepesi kwa siku hiyo moja. Ya mazoezi, yale ya kupigika kila siku kwenye mashimo na miiba, kila mtu ajitafutie. Na ya Shamimu yalikuwa yamekwisha. Aliingia shimo karibu na Sindeni, ringi zote mbili zikapinda, na mipira yenyewe ilikuwa imelika mpaka nyuzi zinaonekana.

Maryamu alikuwa amevuna mpunga. Alisema atanunua magurudumu yote mawili, yeye peke yake, mtoto asihangaike. Akaongeza, na hili Shamimu alilitoa baada ya kubanwa sana, kwamba mashindano yakiisha ingekuwa vizuri binti ahamie Magoma, kwa kuwa sasa ni mkubwa na kwao ni kwao.

"Kwao ni wapi?" Mashavu aliuliza.

Shamimu alichukua ndoo akaenda kuchota maji, na mapipa yote ya nyumba ile yalikuwa yamejaa.

* * *

Sadala alikuwa mume wa haki, na haki yake ilijulikana tangu Manundu mpaka Magoma. Siku mbili huku, siku mbili kule. Akinunua kanga nyumba moja, nyingine nayo inapata kanga. Akimletea mmoja samaki, hurudi kwa muuzaji kutafuta samaki wa urefu ule ule. Watu walimcheka, lakini wenye wake wawili walimwendea kwa siri kumuuliza anawezaje. Basi alipofika Manundu kwa zamu yake akakuta bi mkubwa amenuna na chai imepoa makusudi, alijua kuna pahala mizani imeinama.

Mashavu alimweleza. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kama Maryamu atanunua magurudumu yote mawili, basi yeye Mashavu alikuwa yaya miaka yote hii, na yaya hulipwa mshahara, kwa hiyo mume wake aanze kupiga hesabu.

Sadala alifikiri mpaka akaimaliza ile chai ya baridi. Kisha akatoa hukumu. Baiskeli ina magurudumu mawili, yeye ana nyumba mbili. Mgawo umeshajigawa wenyewe. Kila nyumba inunue gurudumu moja na mpira wake. Bi mkubwa anunue la mbele, maana mkubwa hutangulia. Bi mdogo anunue la nyuma, maana mdogo hufuata. Aliipenda sana hukumu yake, akairudia mara ya pili polepole, na Mashavu naye aliipenda, akainuka kumpashia chai nyingine.

Hakuna aliyemuuliza mwenye baiskeli. Shamimu alikuwa kizingitini anafuta cheni kwa kitambaa. Alisema kwa adabu kwamba magurudumu huwa yanachaguliwa pamoja, yalingane, na ya mazoezi inafaa yawe mazito kidogo, njiti za spoku nyingi, mpira mpana wa kuvumilia miiba. Baba yake alimwambia aondoe wasiwasi, mama zake ni watu wa kuchagua vitu.

* * *

Duka la Awadhi lilikuwa karibu na stendi ya Korogwe, limejaa baiskeli za mtumba zilizobanana kama kuni. Mashavu alifika akitoka kuuza vitumbua, beseni tupu kwapani. Alisalimia, na kabla hajakaa akauliza mwenzake amechukua lipi.

"Mama Shamimu alikuja jana," alisema Awadhi. "Amechukua la nyuma. Imara kweli, na mpira mpana. Yule mama anajua kuchagua, alikaa hapa mpaka nikamwagizia soda."

Katika maneno yote hayo Mashavu alisikia mawili ya kwanza tu.

"Mama Shamimu ni mimi," alisema.

Awadhi aliomba radhi. Alikuwa mgeni Manundu, hakujua mambo ya watu. Kwa kutaka kumfurahisha, akaanza kumshushia magurudumu ya mbele, huku anamwambia asijisumbue sana na bei, la mbele si la kuumiza kichwa. La mbele linafuata tu mkono wa mpandaji. Kazi iko nyuma, ndiko zilikokaa gia, ndiko cheni inakovuta, na uzito wote wa mtu uko kule. Gurudumu la nyuma ndiyo baiskeli yenyewe, mama.

Mashavu alihisi masikio yanawaka moto. Kumbe ndivyo. Kumbe ukubwa aliopewa ulikuwa wa kutangulia bure, kama yule anayepeperusha bendera harusini wakati wenzake wamebeba sinia za pilau. Ndiyo maana Maryamu hakulalamika, Maryamu ambaye hulalamika hata mvua ikinyesha kwa jirani kwanza. Aliyezaa amepewa pa kumbebea mtoto. Aliyelea amepewa pa kufuata mkono. Na aliyegawa ni yule yule mume wa haki.

"Nipe la nyuma," alisema.

"La nyuma si ameshachukua mwenzako?"

"Lake litakaa mbele. Gurudumu ni gurudumu. Nipe la nyuma, tena liwe zuri kuliko lake."

Awadhi alifungua mdomo kumweleza, simu yake ikaita, akatoka nje kubishana na mtu wa mzigo. Aliporudi, Mashavu alikuwa ameshaliona. Lilining'inia juu peke yake, jekundu, jembamba, spoku zake chache zimepangwa kama nakshi ya mkeka, na mpira uliong'aa kama kiatu cha Idi. Awadhi alimwambia kweli, hilo ni la lami safi, mazoezi ya huku halitayaweza. Mashavu akauliza kama bei yake ni kubwa kuliko ya lile la mwenzake. Ni kubwa, tena mbali. Basi akafungua fundo la kanga, akatoa pesa ya upatu aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya bati la jikoni, na Awadhi, ambaye alishasema lake, akalipangusa gurudumu vumbi akampa. Biashara haigombi.

Alirudi nalo kwa miguu, na akapita njia ndefu. Alipoulizwa ni la nini, alijibu kwamba ni la binti yake, na aliulizwa mara nyingi kwa sababu alisimama kila penye watu.

* * *

Maryamu aliwasili Ijumaa baada ya swala, na gurudumu lake limefungwa kwenye kitenge mgongoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mikono ya shamba. Alimwamkia Mashavu, "Shikamoo, dada," na Mashavu akaitikia marahaba kwa ufupi, kama kawaida yake. Sadala alikaa kwenye kiti cha uani kama bwana harusi. Siku hiyo zamu yake ilikuwa Magoma, lakini alisema jambo hili lina baraka, acha nyumba zote mbili zikutane.

Maryamu akafungua kitenge, Mashavu akalibandua lake gazeti alilolizungushia. Shamimu aliyatazama magurudumu mawili, kisha akawatazama mama zake, kisha akachuchumaa. Aliligusa moja, akaligusa la pili, akavigeuza vile vyuma vya meno vya gia, huku kimoja na huku kimoja.

"Yote ni ya nyuma," alisema.

Mashavu akasema basi moja liwekwe mbele. Shamimu akamweleza, taratibu, jinsi mtu anavyomweleza mgonjwa, kwamba haliingii. Uma wa mbele unaoshika gurudumu ni mwembamba, kitovu cha gurudumu la nyuma ni kipana, na hayo meno ya gia huko mbele yatafanya kazi gani. Akalijaribu ili waone. Lilikwama nusu. Nyuma ya ua wa makuti mtu alicheka, akakohoa ili kicheko kisijulikane ni cha nani, lakini Mashavu alimjua, na alijua kabla ya magharibi kisa hiki kitakuwa kimefika stendi.

Sadala alimuuliza bi mkubwa ilikuwaje, mbona yeye aliambiwa la mbele. Mdomo wa Mashavu ulikuwa na majibu, na yote yalikuwa yanamvua nguo. Maryamu alikuwa anatazama lile gurudumu jekundu, muda mrefu, uso wake hausomeki.

Ikabaki jambo moja. Gurudumu la mbele la zamani Awadhi angeweza kulinyoosha likatumika kwa muda. La nyuma ni lazima Shamimu achague. Sadala alijikuna kidevu, akatafuta haki pale, hakuiona, akasema mtoto aamue mwenyewe.

Shamimu hakuinua uso. Hata asiyejua baiskeli angeliona lipi la kuchukua. La Maryamu lilikuwa zito, jeusi, spoku zimejaa, mpira mpana wenye meno mafupi. Ndilo alilolieleza binti siku ile kizingitini, neno kwa neno. Mashavu aliliona hilo, na kadiri alivyoliona ndivyo alivyolichukia. Alimtazama Shamimu kwa macho yake yote. Hakusema nichague mimi. Hakuhitaji kusema.

"Weka la mama yako," Maryamu alisema ghafla, na kwa kidole alimwonyesha Mashavu. "Aliyelea ndiye mama. Mimi langu nitarudi nalo."

Sadala alimtazama mke wake mdogo kama aliyemwona upya, na macho yake yakalowa. Mashavu alikuwa ameshinda. Alikuwa amepewa jina lake mbele ya watu, na aliyempa ni yule ambaye alidhani atamnyang'anya. Lakini furaha haikuja, maana sasa Maryamu ndiye aliyeonekana mwenye moyo mkubwa, yeye Mashavu mwenye kushupalia, na hata huo wema wa mwenzake aliuonea wivu.

* * *

Shamimu alianza mazoezi Jumamosi na gurudumu jekundu. Jumatatu alirudi anatembea. Mchuuzi wa maziwa alimsaidia nusu ya njia kwa pikipiki, na kuanzia darajani alijikokota mwenyewe, baiskeli begani, goti limechunika, kiwiko kina damu iliyochanganyika na mchanga. Mpira ulipasuliwa na mwiba, ringi ikagonga jiwe, na spoku zikakatika kwa kufuatana mpaka gurudumu likawa kama ungo uliokanyagwa na ng'ombe.

Mashavu alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Alingoja alaumiwe. Alijiandaa kujitetea, akajiandaa kugomba, akajiandaa hata kulia. Shamimu alisema tu kwamba siku za mazoezi zimebaki chache, na kwamba Mwalimu Hilaria amempigia tena, anamkumbusha kuna kitanda pale klabuni kama akitaka kuhamia Tanga. Mwanzo alikuwa amekataa, akamwambia ana kwao. Mashavu hakulitilia maanani hilo. Akili yake yote ilikuwa Magoma, kwenye lile gurudumu jeusi lililolala bure.

Kwenda kwa mke mwenza kuomba ni jambo ambalo bi mkubwa halifanyi. Mashavu hakuwahi kukanyaga nyumba ya Maryamu, si kwenye mavuno, si kwenye uzazi. Alipofiwa na mama yake, Maryamu alikuja Manundu, na Maryamu alipofiwa, Mashavu alituma sukari. Lakini kila alipotazama goti la mtoto, kiburi kilipungua kidogo. Siku ya pili alivaa kanga safi, akapanda gari la Magoma, akakaa kiti cha nyuma ili asisalimiane na watu.

Maryamu alikuwa anaanika mpunga. Aliposikia hodi na kuona ni nani, alitupa ungo, akakimbilia kumpokea kapu ambalo halikuwa na kitu. Alimtandikia mkeka, akamletea maji. Mashavu hakuyanywa. Alijua akinywa hatasema.

"Nimekuja kumwombea mwanao gurudumu," alisema. "Langu limevunjika. Ameanguka, ila hajaumia sana."

Alikuwa amelipanga neno hilo, mwanao, njia nzima, na lilipotoka lilimwachia ladha ya shubiri. Alitegemea Maryamu atalipokea kwa raha, au atasema pole, au atamjibu kama waungwana wanavyojibizana, kwamba kuzaa si kazi, kazi kulea. Maryamu hakusema lolote kati ya hayo. Alikaa chini palepale kwenye mpunga.

"Ameumia wapi?"

"Goti. Na mkono."

Maryamu alichota punje, akaziacha zimwagike, akachota tena.

"Lile jekundu nililishika mimi kwanza, dada," alisema. "Awadhi aliniambia kwa barabara ya Handeni halimalizi wiki. Nilipoliona pale uani nikasema moyoni, mwache alitumie. Livunjike, kila mtu aone ni mama gani anayejua kuchagua. Ndiyo maana nilikuachia."

"Ulijua?"

"Nilijua litavunjika. Sikufikiria kwamba siku linavunjika mtoto atakuwa juu yake."

Mashavu alimtazama. Miaka yote hii alimwona Maryamu kama mtu mwenye kila kitu, uzazi, ujana, mpunga, na sasa pale kwenye mkeka aliona mwanamke ambaye wivu wake ulilingana na wa Mashavu mwenyewe kwa kila pembe, kama wale samaki wa Sadala. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika mkono, na hilo lilimtisha zaidi. Mwisho alikunywa maji aliyoletewa, yote, akasema lete gurudumu niwahi gari.

* * *

Alimkuta Shamimu uani, ameipindua baiskeli, anasafisha gia. Mashavu aliliweka gurudumu jeusi mbele yake bila maelezo. Binti alilizungusha hewani, akatega sikio, akaubonyeza mpira kwa dole gumba. Likazunguka sawasawa, bila kuyumba.

"Ni zuri," alisema. "Nitalitumia mpaka siku ya mashindano."

"Na baada ya hapo?"

Shamimu alilipachika gurudumu kwanza. Alirudisha cheni kwenye meno yake, akakaza nati upande mmoja, akakaza wa pili. Kisha akasema kwamba mchana amempigia Mwalimu Hilaria, amemwambia anakwenda. Ashinde asishinde, kitanda kipo. Baba ameshamweleza, na baba amesema litakuwa jambo la haki kwa nyumba zote.

Mashavu alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye beseni lililopinduliwa. Alimuuliza kama ni kwa sababu ya lile gurudumu jekundu, kama aliona mapema kwamba halifai.

"Niliona siku ile ile."

"Sasa kwa nini ulilipanda, mwanangu?"

"Ningelikataa, ungesema nimekukataa wewe. Ningelikataa la mama mdogo, angesema hivyo hivyo." Alisema bila hasira, na Mashavu alitamani pangekuwa na hasira. "Kule magurudumu ni ya klabu, mama. Hayana mwenyewe."

Akaisimamisha baiskeli, akaikagua, akapanda akajaribu kuizungusha uani, mara moja, mara mbili, akatoka nayo mlangoni kuelekea barabarani. Mashavu alibaki amekaa. Alitafuta mtu wa kumwonea wivu, akamkosa.